Kukunja shuka kwa nyuzi sita: kutunga kipande cha gitaa pekee kutokana na onyesho la filamu

Onyesho la filamu likikugusa, mkono hukimbilia gitaa kabla akili haijajua imeguswa na nini. Hapo ndipo vipande vingi vinapoharibikia. Mtunzi anakumbuka tu kwamba onyesho lilikuwa la huzuni, anashika kodi ya E maina (noti kadhaa zinazopigwa pamoja, zenye sauti ya huzuni), anapiga polepole, na baada ya dakika tatu ana muziki wa huzuni ambao ungeweza kutoka kwenye onyesho lolote. Huzuni haina umbo. Chenye umbo ni kitendo: mtu anapanda ngazi, anafungua fundo, anakaribia mlango kisha anarudi. Kitendo kina mwanzo, kina urefu, kina sehemu zinazojirudia na mahali kinapokatika, na hayo yote chombo kimoja kinaweza kuyabeba bila maneno wala picha.

Kwa hiyo chagua kitendo kimoja cha mwili ndani ya onyesho, kigeuze kuwa umbo la muziki, na hadithi yote iliyobaki iache kwenye filamu. Nitaonyesha hatua kwa hatua kwa kutumia onyesho la kubuni, ili tusifungwe na filamu ya mtu yeyote.

Onyesho lenyewe ni hili. Mwanamke yuko peke yake katika chumba ambacho vitu vyake karibu vyote vimeshatolewa. Anakung'uta shuka kubwa, kisha analikunja bila msaidizi: kidevu kinashika katikati, mikono inatafuta pembe. Analikunja mara nne. Mlango unagongwa, mara moja tu. Anasimama na shuka mikononi, haendi kufungua. Kisha analikunjua lote na kulitandika tena kitandani. Onyesho lina sekunde 112, na mlango unagongwa kwenye sekunde ya 70.

Kwa nini hili linafaa gitaa pekee? Kukunja shuka kubwa ni kazi ya watu wawili, na hapa inafanywa na mmoja. Mpiga gitaa pekee naye yuko hapo hapo: sauti mbili, mtu mmoja, vidole vinatafuta pembe. Onyesho likikupa ulinganifu wa aina hiyo kati ya mwili ulio kwenye picha na mwili wa mpigaji, lishike. Usipouona ulinganifu wowote, tafuta onyesho lingine hata kama hili linakuliza.

Kuangalia

Liangalie mara moja na sauti yake, kisha zima sauti na usiirudishe tena. Sababu ni ya kiufundi. Kama onyesho tayari lina muziki, mwendo wake na ufunguo wake vitakuingia bila wewe kujua, na wiki mbili baadaye utakuta melodi yako ni binamu wa melodi ya filamu. Hapo si suala la ladha tu, kwa kuwa melodi hiyo ina mwenyewe. Kutunga kwa kuchochewa na kitendo ulichokiona hakumnyang'anyi mtu haki yake. Kuchukua noti za mtunzi wa filamu, au kuweka kipande cha filamu chini ya muziki wako na kukisambaza, kunahitaji ruhusa ya mwenye haki.

Kubuni papo hapo huku picha ikiendelea ni njia ya heshima. Desemba 1957 Miles Davis, mpiga tarumbeta wa jazi, aliingia studio mjini Paris na wanamuziki wenzake wanne, akiwa na miendo michache tu ya kodi aliyoiandaa, wakapiga huku vipande vya filamu ya Louis Malle vikionyeshwa mbele yao. Na kwa wanaodhani chombo kimoja hakitoshi: mwaka 1949 Anton Karas alibeba muziki wa filamu nzima ya Carol Reed kwa zita, chombo cha nyuzi kinacholazwa mezani. Lakini hao walikuwa wanapigia picha ambayo mtazamaji angeiona. Kipande chako kitasimama bila picha, kwa hiyo kubuni papo hapo kukupe malighafi tu. Rekodi dakika 20, sikiliza siku inayofuata, chukua vitu viwili, vingine futa.

Ukiangalia bila sauti, andika jedwali fupi: sekunde, kinachotokea, na muda wa kitendo. Usiandike mahali kamera ilipokata. Mikato ni mpumuo wa mhariri, na ukiifuata yote utapata muziki unaoshtuka kila baada ya sekunde nne bila sababu ambayo msikilizaji anaweza kuisikia.

Mwendo unatoka kwenye mikono

Hapa watu wengi wanakisia, wakati jibu lipo kwenye fremu, zile picha moja moja zinazounda filamu. Programu yoyote ya kuhariri video, hata za bure, inakuruhusu kusogea fremu moja moja. Hesabu fremu tangu mikono inapoanza kunyanyua shuka hadi kitambaa kinapotua. Tuseme umepata 80. Filamu ya kawaida inakwenda fremu 24 kwa sekunde, kwa hiyo 80 kugawa kwa 24 ni sekunde 3.33. Ukitazama vizuri, kung'uta kuna sehemu tatu: kitambaa kinapanda, kinaning'inia hewani, kinashuka. Gawa 3.33 kwa 3, unapata sekunde 1.11 kwa kila sehemu. Gawa 60 kwa 1.11: mapigo 54 kwa dakika.

Basi tayari una mwendo, na una kipimo (fungu la mapigo linalojirudia) cha mapigo matatu, bila kujiuliza kama onyesho "linahisi" kama wolzi.

Angalizo moja. Kabla hujahesabu, fungua taarifa za faili uone idadi ya fremu kwa sekunde. Filamu zilizoandaliwa kwa ajili ya televisheni katika nchi nyingi zinakwenda fremu 25, na fremu zile zile 80 zinachukua sekunde 3.2 tu, mwendo unaruka hadi 56 na robo. Tofauti hiyo unaisikia mkononi.

Sasa urefu. Usifunge kipande kwenye sekunde 112. Mtazamaji wa filamu anaelewa shuka kwa jicho mara moja. Msikilizaji anahitaji kusikia umbo likirudi ndipo alijue. Mimi huona kwamba karibu mara 1.8 ya urefu wa onyesho inatosha, na hapa inatupa sekunde 200, yaani dakika 3 na sekunde 20. Kwa mwendo wa 54 hayo ni mapigo 180, au vipimo 60 vya mapigo matatu. Kinachobaki vilevile ni uwiano. Mlango ulipogongwa, asilimia 62.5 ya onyesho ilikuwa imepita. Asilimia 62.5 ya vipimo 60 ni 37 na nusu. Kwa hiyo tukio letu litatua kwenye kipimo cha 38, na mpaka hapo tuna vipimo 37 vya kujaza.

Kukunja ni kugawa kwa mbili. Kishazi, yaani sentensi ya muziki, cha vipimo 16 kikikunjwa kinakuwa 8, kisha 4, kisha 2, kisha 1. Mikunjo minne, kama kwenye picha. Jumla ni 31. Ongeza vipimo 6 vya kung'uta mwanzoni, unapata 37 kamili. Hesabu ikikubali namna hii usiiguse tena. Ikikataa, badilisha urefu wa utangulizi. Mikunjo iache ilivyo, maana ndiyo kipande chenyewe.

Mbegu

Mkunjo ni kingo mbili zinazokutana. Kwa hiyo mbegu ni sauti mbili, moja ikishuka kutoka juu na nyingine ikipanda kutoka chini, mpaka zikutane kwenye noti moja. Swali la kwanza si ufunguo gani unapendeza. Swali ni wapi gitaa linaweza kupiga noti ileile kwenye nyuzi mbili kwa wakati mmoja bila kumvunja mtu vidole.

Nyuzi huhesabiwa kutoka mwembamba kabisa, wa 1, hadi mnene kabisa, wa 6, na freti ni vile vyuma vinavyokata shingo. Jaribu kukutanisha kwenye D: uzi wa 2 freti ya 3, na uzi wa 3 freti ya 7. Kwenye gitaa la nailoni lenye urefu wa uzi wa milimita 650, kati ya freti hizo mbili kuna zaidi ya sentimita 11. Wapo wanaofika, lakini watafika wakiwa wamekakamaa, na mkono uliokakamaa unasikika. Jaribu E: uzi wa 1 mtupu, yaani usiobonyezwa, na uzi wa 2 freti ya 5. Kidole kimoja. Basi sauti zitakutana kwenye E, na kipande kizima kitazunguka E kwa sababu ya kidole kile, si kwa sababu E ina rangi ya majonzi.

Sasa zipange jozi sita, ya juu kwanza halafu ya chini:

E (uzi wa 1, freti ya 12) na A (uzi wa 5 mtupu)
D (uzi wa 1, freti ya 10) na D (uzi wa 4 mtupu)
B (uzi wa 1, freti ya 7) na G (uzi wa 3 mtupu)
A (uzi wa 1, freti ya 5) na B (uzi wa 2 mtupu)
G (uzi wa 1, freti ya 3) na C (uzi wa 2, freti ya 1)
E (uzi wa 1 mtupu) na E (uzi wa 2, freti ya 5)

Tazama sauti ya chini: A, D, G, B ni nyuzi tupu zenyewe, zikifuatana kama zilivyotuniwa. Mkono wa kushoto hauna kazi nazo, uko huru kuteremka shingoni na melodi ya juu. Huo ndio utungaji wa gitaa: chombo chenyewe kimeandika nusu ya mbegu. Mtu akitunga kwenye kompyuta bila gitaa mapajani, kwenye jozi ya pili atakuwa ameshaandika noti mbili zisizoshikika pamoja.

Jozi ni sita, na sita inakubali kila mkunjo. Katika vipimo 16 kuna mapigo 48, kila jozi inapata mapigo 8. Katika vipimo 8, mapigo 4. Katika 4, mapigo 2. Katika 2, pigo moja. Katika kimoja, nusu pigo. Mwendo haubadiliki hata kidogo; kinachokunjwa ni muda wa kila jozi.

Kwenye kishazi kirefu, kila jozi inachukua mapigo 8 ndani ya vipimo vya mapigo matatu, hivyo jozi ya pili inaangukia pigo la tatu la kipimo cha tatu, ya tatu inaangukia pigo la pili la kipimo cha sita, na ni ya nne tu inayorudi kwenye pigo la kwanza. Msikilizaji haoni kipimo kiko wapi, na hivyo ndivyo inavyotakiwa iwe, kwa sababu shuka bado ni kubwa na halijapata kingo. Mapigo matatu yatajitokeza waziwazi kwenye kishazi cha vipimo 2 tu, pale kila jozi inapokaa juu ya pigo lake. Kosa la kawaida ni mpigaji kubana jozi ziingie kwenye mwanzo wa kipimo, au mtunzi kubadilisha vipimo ili "pasomeke vizuri". Acha ilivyo, na andika namba ya pigo juu ya kila jozi.

Noti inayokufa

Mapigo 8 kwa mwendo wa 54 ni karibu sekunde 9. E ya freti ya 12 kwenye uzi wa nailoni haina sekunde 9. Baada ya sekunde mbili hivi mwili wa sauti umeshaisha, umebaki mkia. Anayetunga huku akisikiliza gitaa la kompyuta hudanganywa hapa, maana sauti nyingi za programu hukaa muda mrefu kuliko uzi halisi.

Kwa hiyo kishazi kirefu kinahitaji kujazwa, na kujaza kwenyewe kutoke kwenye kitendo. Pigo la 1, piga jozi yote. Pigo la 2, uzi wa chini peke yake. La 3, noti ya juu peke yake. Endelea kupokezana hivyo mpaka la 7, kila mara kwa nguvu ndogo kidogo. Pigo la 8, usipige kitu: hapo mkono unatafuta pembe. Kishazi cha vipimo 8 kinabaki na mpangilio uleule uliofupishwa: pamoja, chini, juu, kimya. Kishazi cha vipimo 4: pamoja, kimya. Cha vipimo 2: pamoja tu, kimya kimeisha. Kwa maneno mengine, ile nafasi ya kutafuta pembe inaliwa kidogo kidogo na mikunjo. Ukiisikia hii kwenye chombo utaelewa kwa nini sitaki kiongezwe hata kinoti kimoja cha mapambo.

Nguvu ya sauti isipande. Kishawishi cha kupandisha kelele kadiri noti zinavyosongamana ni kikubwa, na lazima kikataliwe: shuka likikunjwa linakuwa dogo na nene, halipigi kelele. Unene huo upate kwa mahali pa mkono wa kulia. Anza juu ya freti za mwisho, ambako sauti ni laini, kisha kwa kila mkunjo sogea sentimita nne na nusu hivi kuelekea daraja, kile kibao ambako nyuzi zimefungiwa. Kishazi cha kipimo kimoja kipigwe sentimita nne kutoka darajani, sauti iwe ngumu na kavu.

Gumba juu ya uzi wa sita

Kwa vipimo 37 uzi wa sita hausikiki kabisa. Umehifadhiwa kwa ajili ya mlango.

Ni rahisi kusema, ila fizikia haitaki. Uzi wa sita ni E ya hezi 82.4 (mitetemo kwa sekunde), na ndani yake mnakaa E ya 164.8, B ya 247.2 na E ya 329.6. Ile E ambayo sauti zetu mbili zinakutana ni hiyo hiyo ya 329.6. Kila mara zikikutana, uzi wa sita utaitikia wenyewe bila kuguswa, na sikio litazoea uwepo wake. Ukija kuupiga kwenye kipimo cha 38, hautakuwa mgeni tena.

Dawa ni kulaza gumba la mkono wa kulia juu ya uzi wa sita tangu mwanzo, na kupiga sauti ya chini kwa kidole cha shahada na ya juu kwa kidole cha pete. Kwa siku chache za mwanzo mkono utalalamika kwa sababu gumba limezoea kufanya kazi ya besi, lakini hakuna jozi isiyowezekana. Unaposogea kuelekea daraja, nyanyua gumba na ulilaze upya; usilikokote. Uzi wa sita una waya uliozungushwa, na gumba likikokotwa juu yake linalia kama panya. Fanya hivyo kwenye pigo la kimya mwishoni mwa kishazi, pale lilipo.

Vipimo 6 vya kung'uta vinapigwa kwa gumba likiwa hapo hapo. Pigo la kwanza: kidole cha shahada kinafagia nyuzi tupu kutoka wa 5 hadi wa 1, haraka, kwa nyama ya kidole, si kwa kucha. Pigo la pili: ziache zivume. Pigo la tatu: vidole vyote vinalala juu ya nyuzi na kuzima. Ule mshindo mdogo wa vidole kutua ni sehemu ya muziki, uandike kwa alama ya msalaba kwenye karatasi. Mafagio sita, na kila moja liwe na nguvu tofauti kidogo. Hakuna mtu anayekung'uta shuka kwa nguvu ileile mara sita.

Na kuhusu zile E mbili zinapokutana. Noti moja kwenye nyuzi mbili haisamehi kutuni kubaya. Zikitofautiana kwa senti 5, yaani sehemu moja ya ishirini ya nusu toni, utasikia wimbi linalopanda na kushuka karibu mara moja kwa sekunde. Kwenye kishazi cha vipimo 16 wimbi hilo ninalitaka. Mtu anayekunja peke yake hapati pembe sawasawa mara ya kwanza. Tuni nyuzi ziwe sawa kabisa, kisha kwa kidole kilicho freti ya 5 usukume uzi wa 2 pembeni kidogo sana mpaka wimbi litokee, ulishikilie, halafu uulegeze ili sauti ziwe moja. Kwenye mikunjo inayofuata usisukume. Anayetegemea gitaa lisilotuniwa vizuri limpe wimbi hilo atalipata kila mahali, hata pale pembe zinapotakiwa zikutane.

Mlango, na kukunjua

Kishazi cha 16 kinachukua vipimo vya 7 hadi 22, cha 8 ni 23 hadi 30, cha 4 ni 31 hadi 34, cha 2 ni 35 na 36, na cha mwisho ni kipimo cha 37 peke yake, jozi sita ndani ya sekunde 3.33.

Kipimo cha 38. Wazo la kwanza la kila mtu ni kugonga ubao wa gitaa kwa vifundo vya vidole. Lipinge. Ukigonga ubao, msikilizaji anafikiria mlango, na mlango si habari yetu. Habari yetu ni kwamba kuna kitu kimeingia ambacho hakikuwamo. Gumba linanyanyuka kutoka uzi wa sita na kuupiga mara moja, kwa nyama, juu ya tundu la sauti, kwa nguvu. Kisha mkono unaondoka. Vipimo vitatu, mapigo 9, sekunde 10, uzi ule unavuma hadi uishe wenyewe.

Sekunde 10 jukwaani ni ndefu mno kwa mpigaji, atazikata. Usiandike alama ya kushikilia juu ya noti halafu uombe Mungu. Andika mapigo yote tisa ya kimya yenye namba, 1 hadi 9, ayahesabu. Usipofanya hivyo utapata sekunde nne.

Kuanzia kipimo cha 41 mbegu inarudi kinyume, jozi ya sita kwanza na ya kwanza mwisho: kipimo 1, kisha 2, kisha 4, kisha 8, mpaka kipimo cha 55. Sasa gumba liko huru, lipige sauti ya chini, na uzi wa sita uachwe wazi. Usijaze chochote kwenye nafasi, hata kwenye kile kishazi cha vipimo 8 ambapo kila jozi ina sekunde nne na ushee. Uzi wa sita utaitikia kila E na kila B, na mwitikio huo hafifu ndio unaojaza. Jozi ni zilezile na freti ni zilezile, ila chumba kimebadilika. Kwenye chumba chenye mwangwi mwingi wa asili tofauti hii inapungua, kwa hiyo ukirekodi chagua chumba kikavu, maikrofoni iwe sentimita 30 hadi 40 kutoka pale shingo inapoungana na mwili, isielekezwe moja kwa moja kwenye tundu, maana hapo besi inavimba. Mwangwi wa kompyuta usiuongeze mpaka uwe umesikia kama uzi wa sita unasikika bila msaada.

Vipimo vitano vya mwisho ni hamoniki (noti nyepesi zinazotoka uzi ukiguswa tu bila kubonyezwa) za freti ya 12: uzi wa 5 kwenye kipimo cha 56, uzi wa 1 kwenye cha 57, zote mbili kwa pamoja kwenye cha 58, kisha ziachwe. Ni A na E, jozi ya kwanza kabisa, sasa bila uzito. Gusa uzi juu ya chuma chenyewe cha freti, si nyuma yake kama unavyoshika noti ya kawaida, na nyanyua kidole mara tu ukishapiga. Mwendo usipunguzwe, andika hivyo waziwazi, vinginevyo kila mpigaji atapunguza.

Karatasi

Gitaa linaandikwa oktavu moja juu ya linavyosikika, kwa hiyo ile E ya mkutano inakaa nafasi ya juu kabisa kwenye mistari mitano. Sauti mbili ziandikwe kwa mikia miwili, ya juu ikitazama juu na ya chini ikitazama chini, hata pale zinapokutana, ili msomaji aone noti mbili. Namba za nyuzi ndani ya duara ni za lazima kwenye jozi ya sita, la sivyo mtu atapiga E moja na kuendelea.

Vyombo vingine vinakunja kwa namna yao. Piano haiwezi kukutanisha sauti mbili kwenye noti moja, kitufe ni kimoja. Huko mikono ikutane kwa kupokezana kitufe. Cello inaweza, A ya uzi wa kwanza mtupu na A iliyoshikwa kwenye uzi wa D, na kwa kuwa upinde unashikilia sauti, kujaza kote kunafutwa. Filimbi inabidi irukeruke kati ya juu na chini, na mahali pa kuvuta pumzi papangwe kwenye yale mapigo ya kimya.

Kabla hujampa mtu yeyote, rekodi bila metronomu (kifaa kinacholia mapigo) kisha pima. Vipimo 37 vya kwanza vichukue dakika 2 na sekunde 3. Ukikuta dakika 1 na sekunde 50, umekimbia hadi karibu mapigo 60, na aghalabu mbio zimeanzia kwenye kishazi cha vipimo 4, pale mapengo yanapopungua. Fanya mazoezi ya kishazi hicho na metronomu ikilia mara moja tu kwa kila kipimo, mapigo 18 kwa dakika.

Kisha mpigie mtu ambaye hajui habari ya shuka wala mlango. Usimuulize ameona nini. Muulize ni wapi kitu kilibadilika. Akionyesha uzi wa sita, kipande kimesimama. Akionyesha kipimo cha 31 au cha 35, uliongeza nguvu pale pasipotakiwa. Akionyesha kipimo cha 23, bila shaka gumba lilinyanyuka kwenye uzi wa sita wakati unasogea darajani na likachelewa kurudi. Rekodi tena sehemu hiyo peke yake na usikilize kama kuna E ya chini inayovuma nyuma ya jozi ya kwanza.